Wajumbe si watu? Muulizeni mama yangu

 Usingizi umenikataa. Nimerudi kutoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi, nimeoga, nimefunga mapazia ya chumba changu hapa Al Qusais, na bado macho makavu. Kuna jambo la nyumbani nimelibeba tangu Juni 2025. Leo nalitua hapa kwenye ukurasa wetu, maana najua wengi wenu mlipata ujumbe kama nilioupata mimi.

Ujumbe wenyewe ulitoka kwa mtoto wa mjomba. Ni mwalimu wa sekondari, mtu mwenye akili zake, hana makuu. Aliandika: "Shikamoo dada. Nimeamua kutia nia. Fomu nimeshailipia. Sasa kuna gharama ndogo ndogo za kuzunguka, naomba unishike mkono."

Wale mlioondoka zamani niwakumbushe. Mwaka 2025 ulikuwa wa uchaguzi mkuu nyumbani Tanzania, na CCM ilifungua dirisha la kuchukua fomu za ubunge na udiwani tarehe 28 Juni hadi 2 Julai. Fomu ya ubunge peke yake ilikuwa shilingi 500,000. Mwaka 2020 ilikuwa 100,000. Hata hivyo watu walijitokeza: kwa majimbo 272 tu, Bara na Visiwani, waliochukua fomu walizidi 4,000. Ukigawanya, ni watia nia kama 15 kwa kila jimbo, na mmoja wao alikuwa mwalimu wetu.

Nilituma dirhamu 1,500. Ni zaidi ya shilingi milioni moja, na kwangu ni zamu kadhaa za kusimama usiku kucha. Sikuuliza hizo gharama ndogo ndogo ni zipi. Nilijiambia, huyu ni damu yangu, na ni kijana msafi kuliko wengi. Tena, ukiwa huku na mshahara wa dirhamu, nani atakuelewa ukisema huna?

Sasa niwaambie kuhusu mama yangu, kwa sababu hadithi hii ni yake.

Mama alipata kadi ya CCM mwaka 1977, mwaka uleule TANU na ASP zilipoungana tarehe 5 Februari. Alikuwa na miaka 18. Kadi hiyo anaihifadhi kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti chake cha ndoa na hati ya kiwanja. Hajawahi kupigia kura chama kingine. Si mtu wa kelele. Ni mtu wa mambo ya zamani yaliyonyooka: ada ilipwe, kikao kianze kwa wakati, mkubwa aheshimiwe, mtoto asome, mali ya umma isiguswe. Ukimsikia akisema "chama", utadhani anaongelea ukoo. Kwa miaka mingi sasa ni mjumbe kwenye tawi lake kupitia umoja wa wanawake, UWT, na ndiye anayekumbushia vikao nyumba hadi nyumba kwa miguu, na presha yake hiyo ninayoijua mimi.

Mwaka 2020 ulizuka ule msemo, "wajumbe si watu". Mtakumbuka. Mwaka ule walioomba ubunge kwa tiketi ya CCM, ukijumlisha viti maalumu, walizidi 10,000, na kura zilipigwa na wajumbe wa mikutano ya majimbo. Mtu anakula na wajumbe, anacheka na wajumbe, wanamwahidi, halafu kura zikihesabiwa hadharani anaambulia mbili, yake na ya mkewe. Nchi nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka, nikamtumia mama katuni moja kwenye WhatsApp. Alinijibu baada ya siku mbili: "Kumbe mimi si mtu. Ahsante mwanangu."

Nilidhani ni utani. Haukuwa utani.

Turudi mwaka 2025. Katikati ya Julai mama alinipigia mwenyewe, jambo asilolifanya, maana siku zote hungoja nimpigie mimi. Hakunisalimia sana. Aliniuliza, "Ulimtumia pesa mtoto wa kaka yangu?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza. Kisha akanieleza kwamba juzi jioni kijana mmoja wa pikipiki alipita kwa wajumbe wa tawi lao, akampa kila mmoja bahasha na kusema ni nauli kutoka kwa mwalimu. Ndani yake kulikuwa na shilingi 10,000.

"Nimepokea bahasha kwa watia nia wanne mpaka sasa," mama alisema, "na zote nimezirudisha. Lakini hii ya tano nimeishika muda mrefu, kwa sababu nilijua imetoka kwenye mikono yako."

Wapenzi wasomaji, nilikuwa nimeketi kwenye chumba cha kupumzikia wauguzi, chai mbele yangu. Nilitamani sakafu ipasuke.

Nikajitetea. Nikasema mama, kila mtu anafanya hivyo, asipofanya yeye atashindwaje na wenye mamilioni? Mama akaniuliza swali moja tu: "Mgonjwa akikupa bahasha ili umhudumie kabla ya wenzake, unafanyaje?"

Mnajua jibu. Hapa tunapofanya kazi, ndugu wa mgonjwa huja na zawadi kila wiki, wengine kwa moyo mweupe kabisa. Tende tunazipokea, tunaziweka mezani tunakula wote. Pesa haturuhusiwi kuigusa. Na tangu nikiwa mwanafunzi wa stashahada nyumbani, kabla sijafikiria shahada wala ughaibuni, walimu wetu walituambia hivyohivyo. Mimi ninayeikataa bahasha wodini ndiye niliyeipeleka kijijini.

Tena si suala la adabu tu, ni suala la sheria. Zamani kidogo nchi yetu iliruhusu kitu kilichoitwa takrima: mgombea kukirimu wapiga kura kwa desturi zetu za ukarimu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo, ikaona kwamba vinafungua mlango wa rushwa na kumnyima nafasi mgombea maskini. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, na sheria hiyo haisubiri kampeni za Oktoba. Inagusa hata uteuzi ndani ya vyama. Kwa hiyo ile "nauli" ya mwalimu wetu ina jina lake, na TAKUKURU wanalijua.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hasira ya wanachama wa kawaida kama mama haiishii kwenye bahasha.

Tarehe 26 Julai chama kilifanya mkutano mkuu maalumu kwa njia ya mtandao, kikarekebisha katiba yake. Kabla ya hapo majina yaliyorudi jimboni kupigiwa kura hayakutakiwa kuzidi matatu. Baada ya hapo Kamati Kuu ikapata ruhusa ya kurudisha zaidi ya matatu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Julai watu hawakulala. Asubuhi majina yakasomwa Dodoma, jimbo kwa jimbo. Wengine tuliozoea kuwaona kwenye televisheni hawakusikika. January Makamba wa Bumbuli, aliyekuwa waziri, jina halikurudi. Luhaga Mpina wa Kisesa halikurudi, na haikuchukua siku nyingi akahamia ACT Wazalendo. Mwalimu wetu, ambaye hakuna televisheni inayomjua, naye halikurudi.

Sitawadanganya kwamba nililia. Lakini nilimwonea huruma, na nikaionea huruma zaidi ile milioni.

Tarehe 4 Agosti wajumbe wakapiga kura. Safari hii chama kiliongeza sana idadi ya wapiga kura wake wa ndani, mpaka ngazi ya matawi, na hilo mama alilipongeza. Alivaa kanga yake ya kijani, akaenda mapema, akapanga foleni. Jioni nilimpigia kumuuliza kumeendaje. Akasema, "Nimechagua kati ya waliochaguliwa." Nikamuuliza, kwani hakukuwa na mzuri? Akasema, "Wote wanajua kusema 'mama yangu, mama yangu'. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza zahanati yetu ina dawa au haina."

Halafu tarehe 23 Agosti yakatoka majina ya mwisho baada ya vikao vya juu. Kwa sehemu kubwa aliyeongoza kura za maoni ndiye aliyeteuliwa, na tuseme ukweli huo. Lakini yapo majimbo ambako aliyeongoza aliachwa na akachukuliwa wa chini yake. Chama kina haki hiyo kwa katiba yake. Kura za maoni ni maoni, uteuzi ni wa vikao. Viongozi husema, na nawaelewa, kwamba vikao vya juu ndivyo vinavyoweza kumwondoa aliyeshinda kwa bahasha. Ubaya ni kwamba mjumbe aliyerudisha bahasha tano na mjumbe aliyezila zote tano wanapewa jibu lilelile, na hakuna anayewaeleza kwa nini.

Hapo ndipo palipo na kidonda. Mama hakasiriki kwa sababu mtu wake alishindwa. Hata mtu hakuwa naye. Mtoto wa kaka yake asingempa kura baada ya ile bahasha, aliniambia wazi. Anakasirika kwa sababu chini anataka kununuliwa na juu hasikilizwi. Na hasira hiyo haikuanza mwaka 2025.

Julai 2015 nilikuwa nyumbani likizo, nikaona kwa macho yangu. Wanachama 42 walichukua fomu za kuomba urais kupitia CCM, 38 wakazirudisha. Wenye chama kama mama walikuwa na majina yao mioyoni, na wengi jina lao lilikuwa Edward Lowassa. Jina likakatwa kabla ya kufika kwenye tano bora. Usiku ule wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walitoka nje wakawaambia waandishi kwamba hawaungi mkono uamuzi huo. Mwisho akapatikana John Magufuli, Lowassa akaenda Chadema na kupata karibu asilimia 40 ya kura za urais. Miaka minne baadaye alirudi CCM. Na Nchimbi? Ndiye aliyekuwa mgombea mwenza wa Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2025. Siasa za nyumbani, ukizitazama kutoka mbali, zinafanana na ugomvi wa ndugu: aliyetoka kwa kishindo utamkuta Idi ijayo amekaa palepale pake.

Mama mwaka ule alikasirika wiki tatu. Kisha Oktoba akaenda kupiga kura kama kawaida. Mwaka 2025 naona ulikuwa tofauti kidogo. Januari, mkutano mkuu wa Dodoma ulipompitisha Rais Samia kuwa mgombea pekee wa chama bila fomu kutolewa kwa wengine, mama alifurahi kwa sababu anampenda, ni mwanamke mwenzake. Lakini aliniambia kitu nikakiandika: "Ningefurahi zaidi kama angeshindana akashinda. Harusi isiyo na posa watu hula, lakini hunong'ona."

Msidhani ni kwetu tu. Wodini kwangu alilazwa mzee mmoja Mwingereza, sitasema zaidi kumhusu, ambaye ni mwanachama wa Conservative kwa maisha yake yote. Usiku akikosa usingizi alikuwa ananisimulia. Mwaka 2022 chama chake kilitafuta kiongozi. Wabunge waliwachuja wagombea wanane mpaka wakabaki wawili, ndipo wanachama wakaulizwa. Wanachama wakamchagua Liz Truss, akakaa Waziri Mkuu siku 49. Alipojiuzulu, Rishi Sunak, yule waliyemkataa, akapita bila wanachama kuulizwa tena, kwa kuwa wabunge hawakumwachia mpinzani. Mzee anasema kura ile ya kwanza aliipiga akiwa hapahapa Dubai. "Waliniletea wawili nisiowataka," alisema, "halafu wakaniletea mmoja." Nikamwambia, mzee, ungekutana na mama yangu mngeelewana sana.

Na mwenzangu wa zamu, dada kutoka Kiambu, naye ana yake. Anakumbuka Aprili 2017, mchujo wa Jubilee, watu wamepanga foleni tangu alfajiri, karatasi za kura hazitoshi, vurugu zikatokea, na jioni chama kikafuta zoezi lote la siku ile. Lakini Kenya wana mlango sisi hatuna. Huko aliyedhulumiwa kwenye mchujo, akifuata taratibu, anaweza kusimama kama mgombea huru. Kwetu mgombea binafsi haruhusiwi. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania haki hiyo miaka mingi, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha kwetu kabisa, ilimpa ushindi. Hukumu ipo, mlango bado umefungwa. Ndiyo maana kura za maoni kwetu zinauma kuliko kwingine. Katika majimbo mengi ya CCM uchaguzi wenyewe huwa ni huo wa Agosti. Oktoba ni kutia muhuri. Ukikatwa Agosti, ama unahama nyumba, ama unakaa kimya.

Huyu dada wa Kiambu, tena, mwaka 2022 alipiga kura ya urais akiwa huku, kwa sababu Kenya iliweka vituo Falme za Kiarabu kwa mara ya kwanza. Mimi siwezi. Sheria yetu inanitaka niwe nyumbani siku ya kura. Basi nikafikiria: kura sina, lakini bahasha ninayo. Ushawishi wangu wote katika uchaguzi ule ulikuwa dirhamu 1,500, na ulifika kwa mama yangu kwa pikipiki.

Nimezungumza na mwalimu. Haikuwa rahisi. Mwanzoni alinuna, akasema mimi niko kwenye kiyoyozi sijui siasa za chini. Pengine ni kweli. Lakini baadaye alikubali kwamba zile pesa ziliisha zote kwenye bahasha na mafuta ya pikipiki, na kwamba hakuna mjumbe hata mmoja aliyemuuliza mpango wake wa elimu, jambo analolijua kuliko wote waliochukua fomu. Nilimuuliza, kwani wewe uliwapa nafasi ya kuuliza? Akacheka kwa uchungu. Deni silidai. Nimemwambia mwaka 2030 akitaka tena, nitamchangia kitu kimoja tu: fomu, na risiti anitumie.

Na hili ndilo ombi langu kwenu, nyinyi mlioko Muscat, Doha, London, Toronto. Msimu ule umepita, utakuja mwingine, wa chama chochote kile. Ndugu atakuandikia kwamba ana gharama ndogo ndogo. Muulize ni zipi, moja moja. Akisema nauli ya wajumbe, jua kwamba katika wajumbe hao yumo mama wa mtu, na huenda ni mama yako. Kama una hamu ya kusaidia jimbo, zahanati ipo, shule ipo, na hazihitaji kura za maoni.

Jana nilimpigia mama kumwomba radhi sawasawa. Nilimpata amerudi kutoka kikaoni. Nikamuuliza kama ataendelea kuwa mjumbe baada ya yote haya. Akasema kadi yake harudishi kwa sababu ya watu waliokuja juzi. Yeye alikuwepo kabla yao. Lakini kwenye kikao amesimama akataka iandikwe kwenye muhtasari kwamba tawi linaomba kujua sababu kila jina linapokatwa. Mwenyekiti wa kikao akamwambia hoja yake imepokelewa.

"Wameiandika?" nikamuuliza.

"Nilisimama pale mezani mpaka katibu akaiandika," akasema. "Sasa niambie, ile dawa yangu ya presha nimeze kabla ya kula au baada?"

Nikamwambia baada ya kula, kama kawaida. Wasomaji wangu, tuonane toleo lijalo, In shaa Allah. Ngoja nijaribu kulala.